Kiti cha Nyuma

Gereji, Mikumi
11 Juni 2025

Kwako shemeji Abeli,

Salamu nyingi. Gari lako limekamilika, njoo ulichukue kabla sijalizoea. Dada yangu amenipigia mara tatu kuniuliza mumewe kanituma kufanya nini humo ndani, nikamwambia asubiri karatasi. Unanijua, mambo ya gari siyazungumzi kwenye simu. Fundi aliyenifundisha kazi kule misheni alikuwa haruhusu gari litoke getini bila karatasi ya alichofungua na alichofunga, maana alisema maneno ya mdomo hupungua njiani. Nawe ni mwalimu, kusoma hakukushindi.

Oili ya injini na mafuta ya breki nimeweka mapya. Rejeta nimeizibua. Breki nimekuwekea pedi za mbio, na hizo zikiwa baridi hazishiki vizuri, zinataka zipate moto kwanza. Kwa hiyo ukienda huko uwanjani na ukirudi, endesha kama umebeba mayai. Upepo wa tairi pima asubuhi, si baada ya kufika. Kiti cha nyuma nimekitoa chote kama ulivyotaka, pamoja na mikanda yake, ili kupunguza uzito. Viko kwangu, nimevifunika.

Sasa nisikilize. Hilo Subaru ndilo linalokupeleka shuleni kila siku, na ndilo linalomleta mama hapa Mikumi kliniki ya presha kila mwezi. Sina ugomvi na wewe kushindana na saa kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani wa shamba la mkonge. Mwanaume mzima akitaka kuzunguka koni za plastiki siku ya Jumamosi, hiyo ni shida ya mkewe. Lakini mama hapandi gari hilo mpaka kiti kimerudi na mikanda imefungwa kwa bolti. Unajua hakai mbele. Tangu umuoe Yusta hajawahi kukaa ubavuni mwako, wala hatakaa, maana mkwe ni mkwe. Kwake gari ni kiti cha nyuma tu.

Hilo ndilo sharti langu moja. Mengine yote tutataniana.

Mimi shemeji yako,
Cosmas

Kilosa
16 Juni 2025

Shemeji, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Leo nakuamkia kwa moyo mmoja, ingawa umenizidi miaka sita tu na akili kidogo.

Ungekuwepo Jumamosi ungelia. Tulikuwa magari kumi na moja, wengi wao wa klabu ya Morogoro. Linaingia moja moja, linazunguka koni kwenye ile lami iliyopasuka, mtu amesimama na saa. Nimekuwa wa pili. Aliyenishinda gari lake lilikuja limepakiwa juu ya lori, halijui barabara wala mvua. Langu lilifika kwa magurudumu yake, na kwenye buti lilikuwa na madaftari ya Kidato cha Nne ambayo sijayasahihisha. Walicheka walipoyaona. Baada ya mzunguko wa tatu hawakucheka.

Niseme ukweli, shemeji. Darasani nafundisha yaleyale mwaka wa kumi na mbili sasa, na nyumbani mimi ni mtu wa kuleta unga na kupeleka watu hospitali. Ndani ya ile dakika moja na nusu sikuwa mtu wa kutumwa na yeyote. Nilisikia furaha ambayo sikumbuki lini niliisikia mara ya mwisho.

Klabu imepata kibali tena, Jumamosi ya tarehe 28. Kwa hiyo kiti kiache hukohuko. Kwa nini tukirudishe wiki hii na kukitoa wiki ijayo?

Yusta anakusalimu. Mama anasema ule uji uliomtumia una mawe.

Wako,
Abeli

Mikumi
18 Juni 2025

Shemeji,

Hongera kwa kuwa wa pili. Mawe ni ya meno yake, uji ni mzuri.

Kiti hakikai hapa. Mama ana kliniki Jumanne ya tarehe 24, na kalenda yake haisomi vibali vya klabu. Nimekipakia kwenye pikapu ya vitunguu inayokuja soko la Kilosa, pamoja na mikanda, pedi zako za kawaida na mfuko wenye bolti tatu. Ningekuja kufunga mwenyewe, ila nina lori la watu limelala hapa na mwenyewe amelala ndani yake, hataki kuondoka mpaka litembee.

Kazi yenyewe si ngumu. Vifungio vya mikanda vinashikwa na bolti kwenye bodi, chini ya kiti. Kwanza bolti, kaza mpaka spana igome, ndipo ulaze kiti juu yake. Angalia sana hapo. Kiti kikishalala, vifungio vinachungulia juu kama kawaida, na hakuna jicho litakalojua kama huko chini vimeshikwa au vimelegea. Hata mimi fundi siwezi kujua bila kukiinua. Ndiyo maana nataka uniandikie ukishamaliza.

Ukishindwa sema. Nitamwacha huyu wa lori, nipande Kosta ya asubuhi nije. Hakuna aibu.

Cosmas

Kilosa
22 Juni 2025

Shemeji,

Kiti kimerudi, mikanda imerudi, pedi za kawaida zimerudi. Usije, utapoteza siku ya kazi bure. Yusta ana semina Dumila Jumanne, kwa hiyo mama nitamleta mimi peke yangu. Tuwekee chai.

Abeli

Kilosa
9 Julai 2025

Shemeji Cosmas,

Pole tena, na sisi tunapoa. Tangu tumzike mama hatujapata nafasi ya kukaa wawili. Kila nilipokutazama pale msibani palikuwa na watu katikati yetu, na siku ya kuondoa tanga uliondoka mapema. Naona nikuandikie, kwa kuwa wewe ni mtu wa karatasi.

Ilikuwa baada ya kijiji cha Ulaya, kwenye ile kona yenye matete. Nilikuwa naenda taratibu, hamsini au chini yake. Ng'ombe akatoka kwenye majani peke yake, hana mchungaji wala nini. Nilimkwepa, gari likaingia mtaroni. Mimi nilichubuka kifua kwa mkanda, basi. Nikamwona mama ameangukia mbele, katikati ya viti. Nikakimbilia barabarani kusimamisha gari la msaada. Niliporudi alikuwa ameshatutoka. Alikuwa amefunga mkanda, Cosmas. Niliusikia ukiingia tulipokuwa tunaondoka nyumbani. Siku ya mtu ikifika imefika.

Mwenye ng'ombe ni mzee Kishiwa, mfugaji wa Kisukuma wa kule bondeni. Yuko mahabusu hapa Kilosa kwa kuachia mifugo barabarani na kusababisha kifo. Unajua watu wetu na wafugaji tangu zamani. Hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekubali kumdhamini, na vijana wanataka ng'ombe wake waondoke bondeni kabisa.

Nakushukuru kwa ile karatasi uliyompa mkaguzi wa magari kwamba gari lilikuwa salama. Imefunga mdomo wa kila mtu.

Yusta anakula kidogo. Muombee.

Shemeji yako,
Abeli

Mikumi
20 Julai 2025

Shemeji,

Barua nimeipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu mkono ulikuwa mzito.

Gari lako polisi wameliachia, limeletwa hapa kwangu, liko uani chini ya turubai. Mkaguzi alipima breki, tairi na usukani, akakuta vizima. Sehemu ya ndani alitegemea karatasi yangu.

Kuhusu karatasi hiyo. Niliiandika siku ya pili ya msiba, watu wakilia nje. Niliandika kwamba mikanda ya nyuma ilikuwa imefungwa. Sikuiona, Abeli. Miaka ishirini na mbili ya ufundi sijawahi kutia saini kitu ambacho sikukishika kwa mkono wangu, na mara ya kwanza nimefanya hivyo ni kwa kifo cha mama yangu. Nilitia saini kwa sababu barua yako ilisema imerudi.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, kiwe akiba yangu ya moyo. Niandikie ulivyofunga. Ulianza na bolti ipi, ulitumia spana gani, ulisikia nini ilipogoma. Hizo tatu tu, moja moja.

Cosmas

Kilosa
24 Julai 2025

Shemeji,

Nashangaa kidogo kuulizwa, lakini najua huzuni inamtafutia mtu pa kushika.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilianza na bolti ya kushoto, upande anaokaa mama, kwa spana namba kumi na saba. Iligoma vizuri. Ya katikati ilinisumbua mwanzoni, nikaitoa, nikaipaka grisi, ikaingia. Ya kulia haikuwa na shida. Nilivuta kila kifungio kwa mikono miwili kabla ya kulaza kiti. Nilifanya kama ulivyoniandikia, sikuruka kitu.

Cosmas, tusichimbe. Aliyemuua mama ni ng'ombe wa mtu asiyejali barabara za wenzake, na mtu huyo anapata haki yake. Kuna kesi mwezi ujao. Ukianza kuuliza maswali ya bolti, Yusta atasikia, naye kwa sasa habebi zaidi ya alichobeba.

Abeli

Mikumi
27 Julai 2025

Abeli,

Umeandika vizuri sana. Hiyo grisi ya bolti ya katikati hata mimi ningeiamini.

Nilikiinua kiti siku mbili kabla ya kukuandikia. Matundu yote matatu yana vumbi, hayajaguswa na uzi wa bolti. Vifungio vilikuwa vimechomekwa tu juu kupitia nafasi ya kiti, vimekaa kama vya watu. Kile cha kushoto kimeng'oka kilipokuwa, kiko mbele, bado kimeshikana na mkanda wake. Mama alifunga mkanda kweli. Aliufunga kwenye hewa. Mfuko wa bolti niliukuta kwenye kisanduku cha dashibodi, na fundo nililolifunga mimi halijafunguliwa.

Pedi za breki ulizibadilisha. Hizo nimeziona, kazi safi kabisa. Za kwako wewe unayeendesha zilipata muda.

Unafundisha fizikia. Kila mwaka unasimama mbele ya watoto wa watu kuwaeleza kwamba gari likisimama ghafla kilichomo ndani kinaendelea na safari. Sijui uliwaeleza mara ngapi.

Nilikuuliza nikiwa tayari najua, ili useme ukweli bila kushikwa shingo. Ulipewa nafasi hiyo ukaipaka grisi. Na huko Kilosa kuna mzee amekaa mahabusu mwezi mzima, kwa neno lako na kwa saini yangu.

Sitakuita shemeji tena mpaka uniandikie kilichotokea. Kama kilivyokuwa.

Cosmas

Kilosa
3 Agosti 2025

Kaka Cosmas,

Sina jina la kukuita, naomba unipokelee hilo.

Jumapili nilibadilisha pedi, mikono ikachoka. Nikaangalia ule mfuko nikahesabu siku. Jumamosi inayofuata nilikuwa nakitoa kiti tena. Nikajiambia, nifunge Jumapili nifungue Ijumaa, ya nini? Nikakilaza kiti juu ili Yusta asiniulize, nikakuandikia zile sentensi. Kila moja niliipima isiwe uongo. Nilisema imerudi, sikusema imefungwa. Nilijiona mjanja.

Na nilikuwa nimepanga, usidhani sikuwaza. Yusta hayupo, kiti cha mbele ni kitupu na mkanda wake ni mzima. Nikasema mama atakaa mbele siku hiyo moja. Asubuhi nilimfungulia mlango wa mbele, nikamwambia, "Mama, karibu hapa, ni salama zaidi." Akajifunika kanga nusu ya uso, akacheka kidogo, akasema, "Baba, usinitie aibu mbele ya majirani." Akafungua wa nyuma mwenyewe, akaingia.

Mkwe hamwambii mama mkwe mara ya pili. Unajua. Kumbishia siwezi, kumshika mkono siwezi. Kilichobaki ni kumwambia kwamba mkanda wa nyuma haujafungwa, na hilo naliweza, ni neno moja. Lakini ningelisema pale Kilosa, baada ya saa mbili wewe ungelijua. Niliogopa macho yako kuliko barabara. Nikausikia mkanda ukiingia, nikawasha gari.

Lingine ni hili. Mzee Kishiwa alikuwepo. Hakuachia mifugo. Alikuwa amesimama katikati ya barabara anavusha, amenyoosha fimbo kunisimamisha. Sikuwa kwenye hamsini. Njia ilikuwa nyeupe, mama alikuwa amesinzia, na ile kona niliichukua kama naichukua kule uwanjani. Nilitaka tu kuisikia mara moja. Nilipomwona mzee nilikuwa nimeshaingia.

Polisi waliponiuliza nilisema ng'ombe alikuwa peke yake, na watu wote wakanipokea neno hilo kabla sijalimaliza. Mzee alijaribu kueleza, Kiswahili chake ni cha shida, wakamzomea. Nilikuwa nimesimama palepale.

Yusta ana mimba ya miezi minne. Mama alijua, wewe tulikuwa bado tunasubiri kukuambia. Ukizipeleka barua hizi mtoto atazaliwa mimi nikiwa ndani. Ukizichoma, hakuna mtu duniani atakayejua. Nimekwenda polisi mara mbili peke yangu. Mara zote mbili nimeishia getini, nikamsalimu askari, nikarudi nyumbani. Fanya wewe, mimi siwezi.

Abeli

Mikumi
5 Septemba 2025

Abeli,

Barua hii ataileta Yusta huko mahabusu pamoja na sabuni na sweta yako. Kwa sasa mimi na yeye tunazungumza kwa kupitia vitu, anaweka mezani ninaweka mezani. Aliniuliza swali moja tu, kama kweli nilizipeleka barua kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo ananiita Cosmas, kama mtu wa dukani.

Nilizipeleka polisi zote, za kwako na nakala nilizoweka za kwangu, na nikakana karatasi yangu mbele ya mkaguzi. Nami nimehojiwa, na nitarudi tena wakiniita. Gereji nimeifunga. Watu wanapita wanasema nimemuuza shemeji yangu kwa ajili ya mfugaji. Wengine ni wale waliobeba jeneza la mama. 

Mzee Kishiwa alitoka tarehe 28 Agosti. Nilimsubiri nje. Ng'ombe wake wengi hawapo tena, hakukuwa na mtu wa kuwachunga na bondeni hawakusubiri kesi. Nilimwamkia, nikajitaja kwamba mimi ndiye mtoto wa yule mama, na ndiye niliyetia saini. Nilitegemea anitemee mate. Aliitikia marahaba, akakaa chini pale ukutani, akanionyesha nami nikae.

Akaniambia kitu ambacho hakuna aliyemuuliza miezi yote hiyo. Wewe ulipokimbilia barabarani, yeye ndiye aliyemtoa mama ndani ya gari, akamlaza kwenye majani, akamshikia kichwa. Mama alikuwa hai. Alimshika mkono akamuuliza, "Mkwe wangu amepona?" Mzee akamwambia amepona, yule pale anakimbia. Akamgeuza kichwa taratibu ili akuone. Mama akakuangalia ukikimbia mpaka ulipoishia kwenye kona, akasema ahsante. Hakusema tena.

Nimekaa na neno hilo siku nane. Nilitaka nife nalo, kwa sababu sijakusamehe na sioni siku nitakayokusamehe, na niliona hulistahili. Lakini halikuwa swali langu. Hakuniuliza mimi, wala hakumuuliza Yusta. Kati ya watoto wake wote alikuulizia wewe, na mimi siwezi tena kukaa na kitu cha mtu mwingine nikakilazia kiti juu.

Basi chukua. Alikufa akiwa na furaha kwamba umepona. Sijui utaishi nalo vipi. Mimi lingenishinda.

Cosmas